Matawi ya Mgunga Uliyosema Yatolewe

Nyumbani kwa Mzee Bujiku,
Ushetu, Kahama.
Jumapili, 16 Juni 2024.

Mpendwa mdogo wangu Ndaki,

Marahaba. Naitikia mwenyewe, kwa sababu shikamoo yako sijaisikia tangu mwezi uliopita, na simu yangu ukiiona unaiacha iite mpaka ichoke. Nimeamua kukuandikia kwa mkono. Karatasi huwezi kuikata katikati ya maneno.

Hujambo? Esta hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule? Baridi ya huko Arusha mwezi wa sita naijua kwa kusimuliwa, mwambie Esta awavalishe masweta mazito na asiwaache wakimbie pekupeku kwenye umande. Nakuuliza haya kwa moyo wangu wote, usidhani najaza mistari. Nina hasira na wewe, lakini sijawahi kukutakia homa.

Sisi huku tupo. Wema amenipita urefu, na sasa anavaa khanga zangu bila kuomba. Mvua zilikatika mapema ila mahindi ya kula yamepatikana. Baba anakula na anatembea mpaka kisimani na kurudi. Jicho lake la kushoto halipo. Lilitolewa hospitalini, na mahali pake pana kitambaa cheupe ninachombadilishia kila asubuhi, na kila asubuhi ananiambia wabeja, mayu, asante mama, kana kwamba nimemletea chai.

Nataka uje nyumbani. Hiyo ndiyo barua yote. Yaliyobaki humu ni sababu, na uyasome mpaka mwisho, usimpe Esta akusomee halafu ayaruke yale makali.

Tuanze na hilo bomba lako. Yule dereva, Januari, alilishusha kwenye lori lake limeviringishwa blanketi, akasema kwamba umemwambia ni vipuri vya baiskeli. Nikafurahi, nikajua mdogo wangu amekumbuka baiskeli ya baba iliyolala bila mnyororo. Kalisti akafungua blanketi, nikaona mume wangu ametabasamu kama siku ya harusi yetu. Bunduki ya upepo, na kopo la risasi ndogondogo za kukaa kwenye kiganja. Ukampigia simu jioni ile ile kumweleza jinsi bosi wenu wa shamba la maua anavyokaa kwenye kiti cha turubai na kikombe cha kahawa, fuko akiinua udongo tu, pa! Na nguchiro wanaochimba kwenye tuta la bwawa, kwao anatoa ile nyingine ndogo ya risasi za moto, pa! Kalisti alikuwa anarudia hizo pa pa zako mpaka mboga ikapoa.

Nilikuuliza siku ile, na nakumbuka vizuri, kama kitu hiki kina kibali. Ukacheka, ukasema ni upepo tu dada, hata pampu ya baiskeli ni upepo. Ndaki, pampu ya baiskeli haijamtoa mtu jicho.

Na hata kazi yenyewe haikuifanya. Kalisti alikaa mbele ya vichuguu vya fuko kwenye viazi tangu asubuhi mpaka jua linaumiza kichwa, fuko akawa anasukuma udongo pembeni yake kwa raha zake, haonyeshi hata pua. Akapiga udongo. Akapiga debe langu la maji. Akamuua kuku wa Mama Mihayo, tukalazimika kumpelekea wetu anayetaga. Nilimwambia arudishe bunduki na tutege mitego ya kamba kama watu wengine. Akasema shemeji amesema inataka uvumilivu. Shemeji amesema! Mwezi mzima humu ndani hatukusikia kingine.

Fuko nilikuwa tayari kumvumilia. Aliyekuwa anatumaliza ni nungunungu. Unakijua kile kichuguu kikubwa mwisho wa shamba la mihogo, kile ambacho ukisimama upande huu huoni mtu aliye upande wa pili. Walihamia mle, sijui familia nzima. Kila tukiamka tunakuta mihogo imeng'olewa, imetafunwa nusu, nusu imeachwa ioze, na njiani wameangusha miiba yao myeupe na myeusi kama wanaotuachia salamu. Nilikuwa nalia shambani, sioni aibu kukuambia.

Baba akasema ataingia.

Hapa ndipo ninapotaka uvute kiti ukae. Baba yako ni mnunguli, mwinda nungunungu. Umezaliwa kwa mnunguli, umekula nyama ya nungunungu kabla hujaota meno, na mwenyewe uliwahi kuingia naye shimoni ukatoka umejaa udongo masikioni, ukatamba kijiji kizima. Kwa hiyo siwezi kukufundisha. Nakukumbusha tu, kwa sababu inaonekana huko kwenye maua watu husahau walikotoka. Mnunguli anaingia mchana, mnyama akiwa amelala. Anaingia kwa tumbo, na tochi na mkuki wake mfupi. Mwenzake anabaki mlangoni akimwitikia. Na kabla hajaingia, mashimo mengine yote ya kichuguu yanazibwa kwa matawi ya mgunga, ili mnyama asitoroke, na ili kila anayepita ajue kwamba ndani yumo mtu. Matawi hayo hayaguswi. Mchunga ng'ombe hayagusi, mlevi hayagusi. Aliyeingia ndiye anayeyatoa akishatoka, kwa mkono wake mwenyewe. Mtu mwingine hatoi, hata awe nani.

Ulikuwa unalijua hilo? Nakuuliza wewe, Ndaki, mtoto wa Bujiku. Ulikuwa unalijua au hulijui?

Siku hiyo baba na Mzee Maduhu walizunguka kichuguu wakaziba, baba akaingia, Maduhu akabaki mlangoni upande wa mtoni. Mimi nilikuwa nyumbani naanika karanga. Kalisti alitoka sokoni, akapita shambani upande wa barabara na bunduki yako begani, akakuta shimo limezibwa mgunga. Kalisti ni mtu wa Buseresere, kwao wanavua samaki, lakini ameishi hapa miaka ya kutosha na alisita. Kwa hilo namshukuru Mungu, kwamba mume wangu alisita. Akatoa simu akakupigia wewe. Akakueleza, shemeji, hapa pana matawi ya mgunga, nifanyeje?

Sasa maneno yako nayaandika hapa kama alivyonieleza, na kama ameongopa uje umkanushe mbele yangu. Ulisema: "Hayo mambo ya wazee hayo. Baba kwa umri ule haingii tena mashimoni, yatakuwa ya siku nyingi. Toa, mnyama atatokeaje na umemfungia mlango? Kaa mbele, akitoka tu, pa!"

Baba kwa umri ule haingii tena. Ulijuaje? Ulimwona lini? Umekuja nyumbani mara ya mwisho kwenye msiba wa mama, ukalala, ukaondoka alfajiri. Mtu hajui baba yake anavaa suruali gani siku hizi, lakini anajua kama anaingia shimoni au haingii!

Kalisti akayatoa. Akakaa mbele. Baba kule ndani akaona mwanga mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na mwanga, akajua mgunga umeanguka, akatambaa kwenda kuuangalia kabla mnyama hajaufikia. Mbele yake nungunungu alikuwa ameamka, anatikisa miiba. Kalisti akasikia ile sauti, akaona kitu cheusi kinasogea, akapiga. Nungunungu alimpita Kalisti katikati ya miguu akaenda zake mpaka leo. Risasi ilimpata baba.

Mzee Maduhu, aliyezunguka kichuguu akakuta Kalisti ameshambeba baba na kuondoka, anasema alisikia mlio mdogo tu, kama kijiti kinachovunjika, halafu baba akaita jina langu.

Hasira yangu yote ingeishia hapo, nakwambia ukweli. Makosa hutokea. Kalisti alimbeba baba mgongoni mpaka nyumbani, anatetemeka mwili mzima, na mwanamume anayetetemeka vile huwezi kumpiga. Ningelia, ningemlaani yeye na wewe na bosi wako na kahawa yake, tungekwenda hospitali, yangekwisha.

Lakini kabla hajafika kwangu alikupigia tena. Alimlaza baba chini ya kivuli barabarani akakupigia kukuuliza afanye nini. Na wewe, mdogo wangu uliyenyonya ziwa nililonyonya mimi, ulimwambia: "Nyamazeni. Bunduki haina kibali, tutafungwa wote, na mimi nitafukuzwa kazi. Semeni ni mwiba wa nungunungu."

Nikaambiwa ni mwiba wa nungunungu. Nikaamini, kwa nini nisiamini? Mnunguli kuchomwa mwiba si ajabu, baba ana makovu ya miiba mpaka kichwani. Kwenye zahanati nesi akamuuliza, baba akajibu mwenyewe, mwiba, tumeshauchomoa. Kalisti amesimama pale kama mlingoti. Nesi akasafisha, akampa dawa ya matone na vidonge, akasema likivimba arudi haraka. Nikarudi nyumbani nikamtukana nungunungu kwa matusi yote ninayoyajua ya Kisukuma na ya Kiswahili. Mnyama wa watu hakuwa na kosa lolote zaidi ya mihogo.

Jicho likavimba. Baba akawa hali, anakaa ameegemea ukuta, anaushika uso. Nilipotaka kumrudisha anasema litapoa. Kalisti naye anasema litapoa. Nilikuwa nashangaa watu wawili hawa wamekuwa madaktari lini. Mpaka homa ilipompanda nikakodi gari bila kumwomba mtu ruhusa, nikampeleka hospitali mjini.

Daktari akampiga picha. Akaniita ndani, akaiweka picha kwenye mwanga, akanionyesha kidoa cheupe nyuma ya jicho, kimekaa kama punje ya mtama. Akaniuliza kwa upole sana, "Mama, huu ni mwiba gani wa risasi?"

Nilisimama pale na mkoba wangu kifuani. Ndaki, nimezaa, nimezika mama, nimezika mtoto, lakini sijawahi kuwa mpumbavu mbele ya mtu kama nilivyokuwa siku ile. Nyumba yangu nzima ilikuwa inajua kitu ambacho mimi sikijui, na wewe uliyeko Arusha ulikuwa unakijua.

Nilimuuliza daktari kama angeletwa mapema na ukweli wake, jicho lingepona. Akasema labda. Ningependa angesema hapana. Hiyo labda nalala nayo na kuamka nayo, na leo nakutumia nawe ulale nayo.

Nilipotoka pale nilimkuta Kalisti kwenye benchi, nikamuuliza mbele ya watu wote. Akanieleza yote, simu ya kwanza na simu ya pili, machozi yanamtoka. Baba kitandani nikamuuliza, baba, hata wewe? Akageuza uso ukutani. Akasema, "Mayu, jicho ni langu. Ndaki ana watoto." Basi. Alikuwa anaoza jicho kichwani kwake ili wewe usifukuzwe kazi ya kumwagilia maua.

Kazi yako ni nzuri, inasomesha watoto, hakuna aliyesema uitupe. Lakini uliwekaje vitu viwili hivyo kwenye mizani, jicho la baba na kazi yako, halafu ukapima haraka hivyo, kwa simu, hata bila kuomba dakika ya kufikiri?

Polisi walijua kwa sababu ilibidi wajue, kidonda cha bunduki hakifichiki hospitalini. Kalisti alibeba hilo bomba mwenyewe akalipeleka kituoni. Wamemwachia kwa dhamana, kila Jumatatu anakwenda kuripoti. Na unajua amewaambia nini? Kwamba aliinunua Runzewe kwa mchimbaji asiyemjua jina. Mume wangu anasimama mbele ya askari kila wiki na kuongopa kwa ajili yako, na jioni anakaa na baba kumchongea mpini, hawasemezani, wanachonga tu. Baba naye askari wakimuuliza anasema ndani mle palikuwa na giza, hakuona mtu. Wote wawili wamekufunika blanketi lile lile uliloviringishia bunduki.

Mimi sikufuniki. Ningeweza kwenda kituoni kesho asubuhi nikataja jina lako na la kijiji chako na la shamba la maua. Nimefika mpaka njia panda mara moja, nikarudi. Si kwamba nimekuhurumia. Nilirudi kwa sababu nikikutaja mimi utaletwa, na mimi sitaki uletwe. Nataka uje. Ushuke kwenye basi kwa miguu yako, uende kituoni na Kalisti useme bunduki ni yangu, mimi ndiye niliyeileta, na maneno ya kutoa matawi ni yangu. Halafu uje ukae mbele ya baba, upande wa jicho linaloona, akuone vizuri.

Usinitumie pesa. Ile uliyotuma kwa simu ya Wema nimeirudisha, utakuwa umeona. Usimtume Esta. Usimtume mchungaji wala mjumbe wa ukoo kuja kunituliza. Nikitulizwa na mtu mwingine nitazidi.

Najua utasema dada ana ulimi mkali tangu utotoni. Ndiyo. Ulimi huu huu ndio uliowafukuza watoto waliokuwa wanakupiga njiani ukitoka shule. Siku zile ulikuwa unaupenda.

Msalimie sana Esta, na umwambie hasira hii haimhusu, khanga aliyonitumia naivaa kanisani. Wabusu watoto kwa ajili ya shangazi yao. Mzee Maduhu anakusalimu. Amekataa kuingia shimo lolote bila mwenzake, kwa hiyo nungunungu bado wanakula mihogo yetu. Wema anakusalimu na anauliza kama wewe ndiye uliyemfundisha babu yake kusema uongo. Nimemwambia utamjibu mwenyewe. Kalisti angekusalimu lakini hajui kwamba nakuandikia. Baba anakuulizia kila anaposikia gari limepunguza mwendo barabarani.

Kuna jambo moja nimelifanya, na afadhali ulijue kwangu. Juzi nilichukua panga nikakata matawi ya mgunga, nikaenda kwenye kichuguu nikaziba mashimo yote, moja moja, mpaka lile la upande wa barabara. Mikono yangu imechanika. Sasa hakuna anayegusa pale. Wachungaji wanakwepesha ng'ombe, wapita njia wanasimama na kuniuliza, Mama Wema, nani yumo ndani?

Nawajibu ni mdogo wangu Ndaki. Na matawi yatakaa hapo mpaka atoke, ayatoe kwa mkono wake.

Mungu akulinde njiani, mdogo wangu, akupe kiti dirishani na dereva asiye na haraka.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na ambaye bado sijakusamehe,

Paskalia Bujiku
(Mama Wema)